MKOMBOZI NI NDUGU: KITENZI CHA KIEBRANIA KILICHONIFANYA NIRUDISHE SADAKA

Andiko la kusoma: Mambo ya Walawi 25:23-55; Ruthu 4:1-10; Isaya 52:3



Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia usiku, saa tano na zaidi. Nimemwomba ruhusa nijibu hapa bila kutaja jina lake, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hili. Aliandika hivi: "Pasta, babu wa babu yangu alikuwa mtumwa. Alitoroka akaishia Rabai. Sasa kuna mtumishi ameniambia ndiyo maana watoto wangu wamesoma na hawapati kazi. Anasema damu ya utumwa bado iko juu ya ukoo wetu, haijakombolewa. Nitoe shilingi 20,000 za ukombozi wa ukoo kabla mwezi haujaisha. Mimi nina 6,000 tu. Nikitanguliza hizo, ukombozi utaanza?"

Nilisoma ujumbe huo mara tatu. Ningeweza kumjibu kwa neno moja, "Usitoe." Lakini neno moja halingemsaidia, maana kesho angekutana na mtumishi mwingine mwenye andiko lingine. Kwa hiyo leo naomba uvumilivu wako. Andaa Biblia yako, tukae chini pamoja tuangalie neno hili "kukomboa" limetoka wapi, lilikuwa na maana gani kwa Waebrania, na lilifanya nini hapa hapa pwani kwetu.

TUANZE NYUMBANI

Kama unaishi Mtwapa, umepita karibu na magofu ya Jumba la Mtwana. Pengine umepeleka watoto wa Sunday school pale. Kuta zile za mawe ya matumbawe, misikiti ile na makaburi ni vya karne ya 14, na mji wenyewe ulihamwa mapema karne ya 15. Watu waliokuja baadaye wakapaita Jumba la Mtwana. Mtwana ni mtumwa wa kiume. Kila siku tunatamka jina hilo kwenye boda boda na sokoni, wala hatustuki.

Sasa panda matatu kuelekea Mombasa. Ukishapita Bombolulu, kondakta ataita, "Kengeleni! Kengeleni washukaji!" Umewahi kujiuliza ni kengele gani? Ni kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na Mwingereza aliyetumwa kuzungumza naye habari hiyo aliitwa Bartle Frere. Kijiji kikachukua jina lake.

Kwa hiyo barabara yetu hii, kutoka Mtwapa hadi Nyali, ina jumba la mtumwa upande mmoja na kengele ya waliowekwa huru upande wa pili. Sisi tunapita katikati tukilalamikia foleni.

KITENZI CHENYEWE

Kitenzi ninachotaka ukijue leo kinatamkwa "gaal". Herufi zake ni tatu: gimel, alef na lamed. Kwa Kiswahili mara nyingi kinatafsiriwa "komboa". Na kama sisi tunavyochukua "komboa" tukapata "mkombozi", Mwebrania anachukua "gaal" anapata "goel".

Mara ya kwanza kitenzi hiki kutokea katika Biblia ni Mwanzo 48:16. Yakobo ni mzee, macho yamefifia, anaweka mikono juu ya wana wa Yusufu, na anamtaja Malaika aliyemkomboa na maovu yote. Kinatokea tena Kutoka 6:6, pale Mungu anapowaahidi Waisraeli kwamba atawakomboa kwa mkono ulionyoshwa.

Lakini ukitaka kujua neno linaishi vipi, usilitafute madhabahuni kwanza. Litafute shambani na nyumbani. Fungua Mambo ya Walawi 25.

Mstari wa 25: ndugu yako amekuwa maskini, ameuza sehemu ya shamba lake. Nani anakuja? Anakuja goel wake, jamaa yake aliye karibu, alikomboe shamba lile lirudi katika ukoo. Mstari wa 47 na kuendelea: ndugu yako amekuwa maskini zaidi, sasa hana hata shamba, amejiuza mwenyewe kwa mgeni. Nani anaweza kumkomboa? Biblia inataja kwa utaratibu: mmoja wa ndugu zake, au baba yake mdogo, au mtoto wa baba yake mdogo, au mtu mwingine yeyote wa mbari yake.

Umeona? Goel si mtu wa cheo. Goel ni ndugu. Neno hili limefungwa kwenye damu na ukoo kiasi kwamba hata Hesabu 35:19, mtu anayefuatilia damu ya ndugu yake aliyeuawa anaitwa kwa neno hilo hilo, goel wa damu. Na Ayubu, akiwa juu ya majivu, marafiki wote wamemgeuka, anasema kwamba anajua goel wake yu hai (Ayubu 19:25). Biblia yetu ya Union imeandika "Mteteaji", na ni sawa, lakini usikose kusikia ndani yake sauti ya mtu aliyeachwa na jamaa wote akisema: mimi bado nina ndugu.

Wazee wetu wa Kigiriama na Kichonyi hawahitaji kueleweshwa sana habari hii. Mtu akibanwa na shida, anaweka minazi yake rehani. Anayetoa pesa anaichukua, anaangua nazi, anagema tembo, mpaka siku mwenyewe au mwanawe aje na pesa aikomboe. Mnazi unasimama pale pale, kivuli chake kinaanguka pale pale, lakini matunda yanaliwa na mwingine. Hiyo ndiyo hali ambayo kitenzi hiki kilizaliwa ndani yake. Kukomboa si kununua kitu kipya. Ni kurudisha kilichokuwa chako kwa haki.

Ndiyo maana Mungu anatanguliza mstari wa 23: nchi ni yake, kwa hiyo isiuzwe moja kwa moja. Kuna mwenyewe.

ANGALIZO KWA WENYE SIMU

Siku hizi kila mtu ana itifaki na kamusi ya Kiebrania kwenye simu, nami nashukuru Mungu. Lakini sikiliza. Kwa Kiswahili tuna "kaa" la moto, "kaa" wa baharini, na "kaa" hapa nami. Je, mtu akisema maneno hayo yana siri moja ya kiroho kwa sababu yanafanana, utamwamini? Kiebrania nacho kiko hivyo. Kuna kitenzi kingine chenye herufi zile zile gimel, alef, lamed, na maana yake ni kutia unajisi. Kimo katika Isaya 59:3, mikono iliyotiwa unajisi kwa damu. Na katika sura hiyo hiyo, mstari wa 20, goel anakuja Sayuni. Ni vitenzi viwili tofauti. Nabii ameviweka katika sura moja, na mhubiri anaweza kushangilia kwamba penye unajisi mkombozi amefika. Lakini asikwambie kwamba ukombozi ndani yake una unajisi unaohitaji kulipiwa. Hiyo ni kucheza na herufi.

Pia kuna kitenzi jirani, "pada". Hiki nacho tunakitafsiri "komboa". Pada kinatazama zaidi ile fidia inayotolewa ili kitu au mtu aachiliwe, kama punda wa kwanza anayekombolewa kwa mwana-kondoo katika Kutoka 13:13. Hakikuulizi wewe ni nani wa huyo. Gaal kinakuuliza: wewe ni nani wake? Mara nyingine Biblia inavitumia pamoja, kama Hosea 13:14, kwa hiyo tusijenge ukuta mrefu kati yao. Lakini tofauti hiyo ya ujamaa ipo, na tutaihitaji hapo mbele.

NANI ALILETA BAHASHA?

Twende Ruthu. Kitabu kina sura nne tu, na neno hili limo ndani yake zaidi ya mara ishirini. Naomi amerudi Bethlehemu bila mume, bila wana. Ana shamba la marehemu Elimeleki ambalo hawezi kulishika, na mkwe wa Kimoabi anayeokota masazo.

Ruthu anakwenda usiku kwa Boazi, anamwambia wewe ni goel. Boazi hamwambii, "Leta kitu, ukombozi hauji mkono mtupu." Soma 3:15. Boazi anampimia shayiri vipimo sita na kumtwika. Mpendwa, Ruthu alikwenda kwa mkombozi wake mikono mitupu akarudi amejitwika. Yeye ndiye aliyerudi na bahasha!

Asubuhi Boazi anaketi mlangoni pa mji na wazee kumi. Yupo jamaa wa karibu kuliko yeye. Kwanza huyo bwana anakubali, maana amesikia habari ya shamba. Akisikia shamba linakuja pamoja na mjane, na kwamba mtoto atakayezaliwa ataurithi urithi wa marehemu, anarudi nyuma, anasema ataharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu.

Na je, aliitwa nani? Biblia haitaji. Kwa Kiebrania, 4:1, Boazi anamwita "peloni almoni". Hilo neno "peloni" ni ndugu wa neno la Kiarabu ambalo sisi tumelipokea kama "fulani". Mtu aliyeogopa kupoteza urithi wake kwa ajili ya ndugu, jina lake halikuandikwa. Akabaki Fulani. Boazi aliyelipa, jina lake limo katika ukoo wa Yesu, Mathayo 1:5.

Fidia ilitoka mfukoni mwa nani? Ya Boazi. Naomi alitoa nini? Ruthu alitoa nini? Nitakuachia nafasi uhesabu mwenyewe.

NENO HILI LILIPOFIKA PWANI

Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga; kaburi liko upande wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale. Mwezi uliotangulia, Juni, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alisaidiwa na nani? Alisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Nalitaja hilo makusudi. Habari ninayoendelea nayo inahusu watumwa, na wengine hupenda kuitumia kuwachukia majirani zetu Waislamu. Usiifanye hivyo. Neno la Mungu lilipoanza kuvishwa Kiswahili, Mwislamu alikaa mezani akasaidia kulitafutia maneno. Na Mwanzo ndicho kitabu kile chenye Yakobo na Malaika aliyemkomboa.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann wakaanzisha kituo Rabai. Miaka mingi kilikuwa kituo kidogo sana. Lakini kufikia miaka ya 1880 jambo lilianza kutokea. Watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wakitoroka, na wengine wakakimbilia kwa Wakristo. Waliitwa watoro. Wengine walijenga Fuladoyo, ndani ya nchi ya Wagiriama, wakiongozwa na Mkristo wa Kigiriama, David Koi. Koi aliuawa mwaka 1883. Mtu wa Kilifi huyu! Watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wote wa Arsenal. Wangapi wanamjua David Koi?

Wamishenari walikuwa katika hali ngumu. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali pwani, na walikatazwa kupokea watoro. Lakini pale Rabai alikuwepo mtu aliyeitwa William Jones. Usidanganywe na jina. Alikuwa Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa, akalelewa na kusomeshwa huko Nasik, India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimwekea mikono yeye na mwenzake Ishmael Semler kuwa mashemasi. Mwaka huo huo Jones akasafiri na askofu kuelekea Uganda. Hannington aliuawa Busoga. Jones ndiye aliyeurudisha msafara hadi Rabai mwaka 1886, na mbele yao ilipepea bendera ya buluu yenye neno moja la Kiebrania: Ikabodi. Ni lile jina la mtoto katika 1 Samweli 4:21, kwamba utukufu umeondoka.

Fikiria watoro wa Rabai wanatazama mtu huyo. Hakuwa mgeni kwao. Alijua kamba na minyororo kwa ngozi yake mwenyewe. Jones aliwapokea watoro, akawaficha, akawafundisha. Kwa lugha ya Mambo ya Walawi, walikuwa na mtu wa kwao ndani ya nyumba.

Mwaka 1888 mambo yakafika kileleni. Mabwana wa pwani walitaka watumwa wao, na palikuwa na hofu ya vita. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza tu kutawala pwani ilikuwa na msimamizi, George Mackenzie. Yeye akapatana na mabwana: watalipwa fidia, na watoro wataandikiwa vyeti vya uhuru. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watu zaidi ya 1,400 wakawekwa huru kwa vyeti. Fedha zilitoka kwa Kampuni na kwa Waingereza waliochangia.

Dada yangu uliyeniandikia, soma tena tarehe hiyo. Kama babu wa babu yako alikuwa mtoro wa Rabai siku ile, aliitwa jina lake, akapewa cheti. Sasa anakuja mtu katika kizazi hiki anakwambia deni bado lipo?

LAKINI CHETI HAKIKUWA SHAMBA

Nisije nikakupamba historia. Kampuni haikulipa kwa sababu ya upendo tu. Ilitaka amani ili ifanye biashara. Fedha zilikwenda kwa aliyemshika mtumwa, si kwa aliyeshikwa. Na siku iliyofuata mtu huru alikuwa na karatasi mkononi, lakini shamba la baba yake lilikuwa mbali, huko Unyasa au Uyao, na wengine hata jina la kijiji walikuwa wamesahau kwa sababu walichukuliwa wadogo. Huku nyuma utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika pwani yetu mpaka mwaka 1907.

Hapo ndipo utaona tofauti ya pada na gaal. Kampuni ililipa fidia. Lakini Mambo ya Walawi 25 inasema mwaka wa yubile mtu atarudi kwa jamaa yake na kwa milki ya baba zake. Gaal kikimaliza kazi yake, mtu hana cheti tu. Ana nyumba ya kurudi na watu wanaomwita ndugu. Watu wa Rabai na Frere Town ilibidi wajijengee hayo wenyewe. Wakaoana, wakalima, wakafundisha, wakapeleka Injili. Waliokuwa wakiitwa mateka wakawa walimu wa wengi. Huo si ukoo wenye laana. Huo ni ukoo ambao wewe na mimi tunapaswa kuushukuru.

JE, MAANDIKO YAO WANAYATOA WAPI?

Nataka kuwa mwaminifu, maana watumishi wanaodai sadaka ya ukombozi huwa na maandiko. Nayajua, nilikuwa nayatumia.

La kwanza ni Hesabu 18:15-16. Ni kweli, mzaliwa wa kwanza alikombolewa kwa shekeli tano, na fedha zilikwenda kwa makuhani. Lakini kitenzi pale ni pada. Kiasi kilikuwa kimoja kwa wote, kimeandikwa, kila mtu anakijua. Hakikupanda kulingana na shida zako, wala hakikuwa na mwisho wa mwezi.

La pili ni Mambo ya Walawi 27. Ni kweli, pale gaal kinatumika kwa mtu anayekomboa nyumba au shamba lake mwenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Lakini hiyo ni mali ambayo yeye kwa hiari yake alikuwa ameiweka wakfu kwa BWANA, kisha akataka kuirudisha. Si watoto wake walioshikwa na pepo.

La tatu ni Mambo ya Walawi 25:49, mtu akipata mali anaweza kujikomboa mwenyewe. Ni kweli. Lakini soma mstari wa 50: wanaketi pamoja na aliyemnunua na kuhesabu miaka iliyobaki mpaka yubile. Ni hesabu ya wazi kati ya watu wawili. Kuhani hayumo.

Kisha baada ya kusoma hayo yote, fungua Isaya 52:3. Watu wameuzwa bure, na Mungu anasema watakombolewa bila fedha. Kitenzi ni gaal. Petro alijua andiko la namna hiyo alipoandika 1 Petro 1:18-19, kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Na Waebrania 2:14-17 inatuambia kwamba alitwaa damu na nyama, akafananishwa na ndugu zake. Malaika hakuweza kuwa goel wetu, hana ujamaa nasi. Mwana wa Mungu akazaliwa katika mbari yetu ndipo akawa na haki ya kutukomboa. Na akishalipa yeye, anayekutoza tena ni nani?

SASA HABARI YANGU

Nimesema nilikuwa nayatumia maandiko hayo. Nitakueleza, ingawa si rahisi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana, mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi karai karibu na steji alikuja kwangu. Mwanawe alikuwa ameingia kwenye unga. Mnajua Mtwapa yetu. Nilimwambia alete sadaka ya ukombozi. Akaleta shilingi 5,000, alizopokea siku ile kwenye chama. Noti zilinuka mafuta ya kukaangia. Nikaziombea, nikaziweka kwenye kapu. Kijana hakurudi.

Baadaye nikaenda chuo cha Biblia, nikakutana na kitenzi hiki darasani. Mwalimu alituambia tuandike orodha ya kila mahali gaal kinapotokea, na mbele yake tuandike nani analipa na nani anapokea. Nilipofika Ruthu 3 kalamu ilisimama. Niliona noti zile.

Niliporudi nyumbani nilikopa, nikampelekea mama yule 5,000 zake. Nilimkuta anamenya viazi. Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nilikutoza kitu ambacho si cha kuuzwa." Alizitazama zile pesa, hakuzipokea haraka. Kisha akasema, "Pasta, hata siku ile sikuwa nataka kununua kitu. Nilikuwa nataka mtu wa kwenda na mimi kumtafuta. Naogopa kuingia kule peke yangu."

Chuo kilinifundisha herufi tatu. Mama yule ndiye aliyenifundisha maana yake.

Tulikwenda usiku ule, mimi, yeye na shemasi mmoja. Hatukumpata. Tulimpata usiku wa nne, kwenye nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Sitakudanganya kwamba aliruka akaokoka. Alitutukana. Ilichukua miezi. Leo anakunywa dawa ya methadoni kila siku kliniki, siku nyingine anaanguka, siku nyingine anasimama, na Jumapili hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mama yake hukaa karibu naye. Lakini ana watu wanaomwita ndugu.

JIBU LANGU KWAKO

Dada, usitume zile 6,000. Lipa deni la duka, wanunulie watoto nauli ya kwenda kutafuta kazi. Ukoo wako umekombolewa, na aliyelipa ni ndugu yako mkubwa, na hajamtuma mtu kukusanya salio. Ukipenda kutoa sadaka Jumapili, toa kwa furaha kama mtu huru, hata shilingi ishirini, na hakuna kitu kitakachoharibika usipotoa.

Na habari ya watoto wako kukosa kazi, nipigie. Kanisani kuna fundi wa umeme anayetafuta vijana wawili wa kufundisha, na kuna mzee anayejua kuandika barua za maombi ya kazi. Hatutakuahidi muujiza kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini tutakwenda nawe. Kanisa ambalo haliwezi kwenda na mtu, hata likijua Kiebrania chote, litabaki Fulani.

Na wewe mwingine unayesoma, kabla hujaandika "Amina" hapa chini, jiulize: ni nani katika mbari yako ambaye shamba lake la maisha linaliwa na mwingine? Huyo anangoja uvae viatu, na wewe usivivue.

TUOMBE: Bwana Yesu, ndugu yetu na mkombozi wetu, asante kwa kuwa ulilipa ukamaliza. Tusamehe sisi watumishi tuliouza ulichotoa bure. Wafariji waliolipishwa. Wakumbuke watoto wa watoto wa Rabai, Frere Town na Fuladoyo, uwaonyeshe kwamba wana heshima mbele zako. Tupe miguu ya kwenda kwa ndugu zetu. Amina.

Jumapili hii tutaendelea na Yeremia 32, nabii anayekomboa shamba la Anathothi huku adui amezunguka mji. Njoo na Biblia na kalamu. Anayejua mtu aliyeombwa pesa za ukombozi wa ukoo, amtumie somo hili leo, asingoje kesho.

Ubarikiwe sana.
Mchungaji wako, Mtwapa